Elimu ya Mawasiliano na Swali la Baba

Shahada iliyo juu ya shahada zote chuoni ina majina mawili katika lugha yetu. Wengine huiita udaktari wa falsafa, na wengine huiita uzamivu. Jina la kwanza limenipa taabu nyingi, na la pili limenipa faraja. Ilipovuma kwamba ninaitafuta shahada hiyo katika elimu ya mawasiliano, majirani zangu wa Kona Baridi walilishika neno daktari peke yake, wakashukuru kwamba hatimaye watapata mtu wao wa kuwatibu. Haukupita mwezi ila nililetewa mbuzi mwenye jicho bovu. Nikaeleza kwa adabu kwamba udaktari huu hautibu mbuzi, wala haumtibu mwenye mbuzi. "Basi hutibu nini?" nikaulizwa. Msomaji asidhani kwamba swali lile lilikuwa jepesi. Nilikaa nalo kwa miaka sita.

Uzamivu ni neno lenye harufu ya pwani. Mzamiaji wa lulu haichukui bahari nzima. Huchagua mahali padogo, hujaza pumzi kifuani, akashuka peke yake mpaka chini, na akipanda hutazamwa mikono kabla ya kuulizwa habari za safari. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huogelea juu ya maji mengi, na si vibaya. Huyu wa uzamivu hutakiwa alete kitu ambacho hakikuwa juu ya ufuko alipoondoka. Nacho alichotumwa mwanafunzi wa mawasiliano ni namna wanadamu wanavyopashana habari: nani humwambia nani, kwa njia gani, na kwa nini neno moja husadikiwa na jingine hutupwa, tangu mnong'ono wa watu wawili hata sauti ya redio isikiwayo na mamilioni. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha uandishi wa habari tangu mwaka 1970, na msafiri atokaye Kitengela kupitia Athi River na kuishika njia ya Mombasa atafika Daystar, ambako elimu ya mawasiliano husomeshwa hata ngazi ya uzamivu. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vilivyotaka wahadhiri wawe na shahada hiyo, na tangu hapo wengi waliikimbilia kama abiria wakimbiliavyo gari la mwisho la jioni. Gari la namna hiyo aghalabu huacha watu njiani.

Mahali petu pana jina lisilodanganya. Ukiondoka Kiserian kuelekea Magadi, barabara hupanda kwenye bega la kusini la vilima vya Ngong, kisha hukata kona, na ghafula nchi hukuangukia miguuni. Hapo ndipo Bonde la Ufa linapofunguka. Upepo hupanda kutoka bondeni bila kubisha hodi, na mgeni aliyevaa shati jepesi hujifunza maana ya jina la mahali kabla ya kuambiwa na mtu. Malori ya magadi hupanda hapa yakikoroma, na yale yanayoshuka hupunguza mwendo kwa hofu ya mteremko. Wachungaji hupita, wachuuzi wa maziwa hupita, vijana wa pikipiki hupita, na wote hawa hupita na habari. Nikiwa mtoto nilidhani kwamba kazi ya kona ile ilikuwa kukusanya baridi. Siku hizi nathubutu kusema kwamba kazi yake kubwa zaidi ni kukusanya maneno.

Wala kupashana habari si jambo la jana katika bonde lile. Ukishuka barabara hiyo hiyo utafika Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walianza kuchimbua mashoka ya mawe katika miaka ya 1940. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba hapo yamepatikana mawe meusi ya volkano, yang'aayo kama kioo, yaliyochukuliwa na watu wa kale kutoka machimbo yaliyo mbali kwa kilomita 25 na zaidi, zama za miaka kama 300,000 iliyopita. Wataalamu hao wanaona katika mawe yale dalili ya watu wa makundi mbalimbali kubadilishana vitu. Mimi si mtaalamu wa mawe. Walakini nilipoyatazama niliwaza kwamba jiwe halitembei kutoka mkono hadi mkono pasipo neno au ishara ya kuonyesha lilikotoka.

Wamaasai wakikutana njiani hawasemi kwamba wanapeana habari. Husema kwamba wanakula habari. Mmoja husimulia alikotoka: nyasi zikoje, maji yako wapi, ugonjwa gani umeingia katika mifugo, nani amezaliwa, nani amefariki. Mwenzake humfuata kwa kuitikia kidogo kidogo, kama atafunaye, mpaka zamu imgeukie. Kumkatiza msemaji ni utovu wa adabu, na kuficha jambo la maji ni zaidi ya utovu wa adabu. Waafar wa Ethiopia wana desturi ya jamii hii iitwayo dagu, ambayo wataalamu wa mawasiliano wameichunguza na kuiandikia. Mimi niliikuta desturi yetu nyumbani kama nilivyokuta moto na kuni, kwa hiyo sikuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kusomewa chuoni.

Mwaka wa kwanza wa masomo ulikuwa mwaka wa vitabu. Nilianza na Claude Shannon, mhandisi wa Marekani, ambaye mwaka 1948 alionyesha kwa hesabu namna ujumbe unavyosafiri kutoka kwa mpelekaji hadi kwa mpokeaji, na namna makelele ya njiani yanavyouharibu. Makelele niliyaelewa upesi, kwa maana mtu aliyezoea kuita ng'ombe katika upepo wa Kona Baridi hahitaji hesabu ili ajue kwamba neno huweza kufa njiani. Jambo lililonishangaza ni kwamba Shannon mwenyewe alisema wazi kuwa maana ya ujumbe haikuwa shughuli yake. Alishughulika na waya za simu. Waliokuja baada yake ndio walioichukua picha yake ya waya wakawavika binadamu.

Kisha nikamsoma Paul Lazarsfeld na wenzake. Mwaka 1940 walikwenda katika wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, wakawahoji watu 600 mara kwa mara kwa miezi kadhaa ili waone redio na magazeti yanavyogeuza nia za wapiga kura. Waliitafuta nguvu ya redio wakaikuta nguvu ya jirani. Watu wengi waliyapokea maneno ya redio kupitia kwa mtu waliyemjua na kumwamini, na mtu huyo ndiye aliyeyapa uzito. Niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu nikacheka, maana nilidhani kwamba wazee wetu wangeliweza kuwaokolea mabwana wale gharama ya safari.

Aliyenishika zaidi ni Everett Rogers. Mwaka 1962 alitoa kitabu juu ya namna mambo mapya yanavyoenea katika watu, na ndani yake akawapanga watu katika mafungu matano, tangu wale wathubutuo mapema hata wale wa mwisho, ambao jina walilopewa ni sawa na kuwaita waburuta miguu. Neno hilo silipendi. Taarifa nyingi juu ya nchi za wafugaji zimewatupa wachungaji katika fungu hilo la mwisho, kana kwamba kuchelewa kuamini ni maradhi. Lakini Rogers alikuwa na kisa chake mwenyewe, nacho kilinifanya nimsamehe. Alizaliwa shambani katika jimbo la Iowa mwaka 1931. Baba yake alipenda mitambo mipya ya kilimo, ila mbegu mpya ya mahindi aliikataa, ingawa ilisemwa kwamba huzaa zaidi na huvumilia ukame. Mwaka 1936 ukame ukaja. Mahindi ya jirani aliyepanda mbegu mpya yakasimama, na mahindi ya baba yake Rogers yakanyauka. Mtoto yule akakua, akatumia umri wake kuuliza kwa nini baba hakusikia mapema.

Nami nina baba, na nina ukame.

Katika mwezi wa Septemba 2021 nilikuwa nyumbani. Mvua za vuli za 2020 zilikuwa zimetuvunja moyo, na masika ya 2021 hayakuwa bora. Tarehe 8 ya mwezi ule Rais alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha toa utabiri wa vuli inayokuja, nao ulisema kwamba sehemu kubwa ya nchi za ukame, na yetu ndani yake, ielekee kupata mvua chini ya kawaida. Niliusoma katika simu yangu, nikamsomea baba kwa Kimaasai, neno kwa neno, jioni ng'ombe walipokuwa wakiingia zizini. Walikuwa 41. Nikamshauri auze baadhi kabla hawajakonda.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kama desturi itakavyo. Kisha akauliza, "Mwanangu, huyo aliyekuambia ana ng'ombe wangapi?"

Nikajibu kwamba aliyeandika ni mtaalamu, na kwamba wataalamu hutazama joto la bahari.

"Sikuuliza anatazama nini. Akikosea, atapoteza nini?"

Sikuwa na jibu. Msomaji asimcheke baba yangu. Mtu auzaye ng'ombe Septemba, ilhali majirani hawajauza, kisha mvua ikanyesha Novemba, hubaki maskini katika nchi ya kijani. Na fedha alizopata hazinunui tena ng'ombe wale wale, maana bei hupanda pamoja na nyasi. Anayeandika utabiri akikosea hupata mshahara wake mwisho wa mwezi. Sisemi hivyo kwa kulaumu, kwa kuwa kazi yake ni njema, na mwaka ule alisema kweli. Nasema tu kwamba mizani ya baba ilikuwa mizani halisi, yenye mawe ya kupimia.

Majuma manne yalipita. Ndipo mjomba wangu aliporudi kutoka upande wa Magadi, alikokwenda kwa miguu kuyatazama malisho. Alikaa na baba tangu adhuhuri hata jua likashuka, wakala habari. Alitaja kila bonde alilopita, kila kisima, kila mtu aliyekutana naye na mifugo wake aliowaona. Hakutoa shauri lolote. Kulipopambazuka baba aliwatenga ng'ombe 9, tukawapeleka Kiserian. Wengine walikuwa wamekwisha fanya hivyo kabla yetu, na bei ilikuwa imeshuka. Vuli ile ikapita kavu, masika ya 2022 yakapita vile vile, na vuli ya 2022 ikawa msimu wa tano mfululizo ulioshindwa. Katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa. Katika zizi letu walikufa 15.

Majuma yale manne ndiyo niliyozamia. Mjomba hakuleta jambo ambalo simu haikuwa nalo. Kama ni kweli, simu ilitangulia, tena ilijua mambo ya mbele, na mjomba alijua ya jana tu. Basi katika kinywa cha mjomba mlikuwa na nini ambacho katika simu hamkuwa? Nililipeleka swali hilo chuoni, na baada ya kukatwa na kushonwa upya mara nyingi likawa mada ya tasnifu yangu.

Utafiti una milango yake. Sheria ya mwaka 2013 imeiweka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, na kibali chake hapana budi kipatikane kabla ya kumhoji hata jirani uliyekua naye. Nilipokwisha kukipata nilianza Kona Baridi, nikafuata barabara ya Kiserian kwenda Isinya, kisha nikapanda kuelekea Kitengela, nyumba kwa nyumba. Kwanza niliijaribu hojaji ya namna iliyozoeleka chuoni, ambayo kila swali lina majibu matano, tangu "nakubali sana" hata "nakataa sana". Mzee mmoja wa karibu na Isinya aliitazama karatasi, akaniambia, "Swali lako lina miguu mitano, lakini halitembei." Watoto wake wakacheka, na mimi pia. Majaribio hufanywa kwa sababu hiyo hasa. Nikaiweka hojaji kando, nikawa naomba kila mtu anisimulie siku aliyoamua kuuza au kutouza: nani alikuwapo, nani alisema nini kwanza, na jambo lipi lililoumaliza mjadala. Hapo watu walisema mpaka chai ikapoa.

Niliyoyapata nitayataja kwa ufupi, kwa kuwa kurasa za tasnifu ni nyingi na subira ya msomaji ina kiasi chake. La kwanza, wengi walikuwa wameusikia utabiri. Redio za Kimaasai ziliutangaza, na simu zilikuwa mikononi. Taarifa zinazoanza kwa kusema kwamba mfugaji hana habari huanzia mahali pasipo na tatizo. La pili, neno "kawaida" liliwashinda. Utabiri unaposema mvua itakuwa chini ya kawaida, mtaalamu ana hesabu ya miaka mingi mbele yake. Mchungaji huuliza kawaida ya wapi, maana mvua huweza kunyesha kwenye vilima vya Ngong na kuliacha bonde kavu lililo chini yake mwendo wa saa mbili. La tatu ndilo baba alilolisema kabla yangu. Habari ya kuuza ng'ombe ilipimwa kwa mtu aliyeileta: je, ameona kwa macho, ana mali katika jambo hilo, na kesho nitakutana naye ili nimuulize? Lazarsfeld alifika karibu na hapo aliposema habari ya mtu anayeaminiwa. Mizani ya baba yaongeza jambo: mwenye habari ashiriki hasara.

La nne nililipata kwa wanawake, ambao nilikuwa nimewatengea nusu ya mahojiano. Walisema kwamba walijua kabla ya mjomba yeyote kurudi. Mama yangu alieleza kwa maneno machache. "Habari ilikuwa ndani ya kibuyu," alisema. "Maziwa yalianza kupungua mwezi wa nane." Nikamuuliza kama alimwambia baba. Akanitazama kama atazamavyo mtu mzima mtoto aliyeuliza kama maji hulowesha. "Nilimpa kikombe kisichojaa, kila asubuhi. Alikinywa." Sijui sura gani katika vitabu vya Ohio na Iowa ingekipokea kikombe kile. Nilikifanyia sura yake.

Kitengela kulinifundisha jambo la namna nyingine. Huko ardhi imekatwa vipande, nyua za waya zimekuwa nyingi, na nyumba za mawe zimesimama mahali ambapo zamani nyumbu walipita wakitoka Mbuga ya Nairobi. Wafugaji wa pale husikia mambo upesi kuliko sisi wa konani, maana simu zao hazinyamazi. Lakini mtu huweza kujua wiki nne kabla kwamba nyasi zitakwisha, asiwe na pa kwenda. Hapo tatizo halikuwa neno, lilikuwa waya, na mwanafunzi wa mawasiliano hana budi kukiri kwamba kuna mipaka ambayo elimu yake haiivuki. Walakini mahali hapo hapo palikuwa na mfano mwema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi walifanya kazi na wenyeji chini ya jina la Kimaasai, Reto-o-Reto, maana yake nikusaidie unisaidie. Wenyeji wenyewe walitembea na vyombo vya kupimia mahali wakaandika kila ua, na ramani iliyotoka humo ikasaidia baadaye katika mpango wa matumizi ya ardhi ya Kitengela. Ramani ile ilisadikiwa. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa kwamba waliochora ni watu wenye ua na wasio na ua, na wote wanajulikana kwao.

Juu ya gharama sitasema mengi, ila kijana anayesoma insha hii na kuitamani njia hii asije akasema hakuambiwa. Njia hii hula fedha, lakini zaidi hula wakati. Msimamizi wangu wa kwanza alistaafu. Wa pili alihamia ng'ambo. Sura yangu ya tatu ilikaa mahali fulani kwa miezi minane, ikarudi ikiwa na neno moja pembeni kwa wino mwekundu: "Fafanua." Wenzangu wawili tulioanza pamoja waliacha, mmoja kwa ajili ya ada na mwingine kwa ajili ya ugonjwa wa mzazi, na wote wawili walikuwa na akili kunizidi. Mwaka 2022, ada yangu ilipofika wakati ng'ombe wanaanguka, niliomba likizo ya masomo nikafundisha katika shule ya kutwa. Mama alitaka kumuuza mtamba wake mmoja aliyebaki. Nilimkatalia, na nikasema mbele ya baba kwamba nafikiri kuacha kabisa.

Baba alikuwa anachonga fimbo. "Swali langu umelijibu?" akauliza.

"Bado, baba."

"Basi rudi."

Hakuongeza neno, wala hakuacha kuchonga. Nilirudi mwaka uliofuata. Mtamba yule alizaa, na maziwa yake ndiyo niliyokunywa nilipokuwa nikiandika sura ya mama.

Tasnifu niliitetea mwaka 2025 mbele ya wataalamu watano. Waliuliza mengi juu ya njia ya utafiti, machache juu ya ng'ombe, wakaipitisha kwa masahihisho. Imeandikwa kwa Kiingereza, kurasa 287, na ina jalada gumu. Nakala yake imo maktabani, ambako baba yangu hatafika kamwe, na hata akifika hataisoma. Jambo hilo lilinikera tangu mwanzo. Naona ni ajabu, kama si dhuluma, kwamba elimu ya kupashana habari huweza kutunukiwa cheo chake cha juu bila kuwapasha habari wale waliotoa maneno yao. Kwa hiyo niliandika muhtasari wa kurasa 20 kwa Kiswahili, nikauchapisha katika duka la vifaa vya kuandikia pale Kiserian, nikawaita watu wa Kona Baridi baada ya kukama.

Upepo ulikuwa mkali, tukakaa upande wa nyuma wa ukuta wa kanisa. Nilisoma kwa Kiswahili na kufasiri kwa Kimaasai, na walinila habari kama ipasavyo, wakiitikia, bila kunikatiza, mpaka karibu na saa sita. Nilipomaliza hawakupiga makofi. Mzee mmoja aliniuliza nani alinilipa. Nikasema hapana aliyenilipa. Akaridhika. Mwanamke mmoja, mchuuzi wa maziwa, akasema kwamba kama mambo ndiyo hayo, haifai redio isome utabiri kisha iweke wimbo. Baada ya mtaalamu wa bahari, aseme mtu aliyetoka malishoni juma lile, ataje na idadi ya mifugo wake. Na baada yake aseme mwanamke anayekama. Vijana wakasema redio haitakubali. Mabishano yakawa makubwa, na kwa muda mrefu hapana aliyenihitaji. Mwishowe walimchagua mjomba wangu na yule mchuuzi wa maziwa waende kituoni wakaulize wenyewe. Mimi niliombwa niwaandikie barua ya kuwatambulisha, nami nikaiandika pale pale juu ya goti. Mjomba aliitaka ioneshe kwamba ana ng'ombe 12. Mchuuzi alitaka iandikwe lita anazouza wakati wa mvua na lita anazouza wakati wa kiangazi, zote mbili. Waliondoka Jumatatu kwa matatu ya saa kumi na mbili asubuhi, na nakala mbili za muhtasari ndani ya mfuko wa nailoni.